Anzia puani: kutafuta chanzo cha matatizo ya Beagle

Wiki ya kwanza ukiwa na Beagle utapenda macho yake. Wiki ya pili utaanza kuuliza watu kama mbwa anaweza kuzaliwa kiziwi. Mwezi wa tatu utakuwa umepanga mawe chini ya geti, umehamisha pipa la taka mara nne, na umeshaomba radhi kwa majirani wawili. Wengi wakifika hapo husema wameuziwa mbwa mkaidi, wakamfunga mnyororo nyuma ya nyumba, na matatizo yakazidi.

Nimeishi na Beagle wangu, Bizari, miaka 7 hapa Moshi. Katika muda huo nimekosea kwa njia mbili. Mara nyingi nimehangaika na "ugonjwa" ambao kumbe ni pua tu inafanya kazi yake. Mara moja nikaona tabia mbaya mahali palipokuwa na ugonjwa wa kweli, na hiyo inaniuma hadi leo. Kwa hiyo dalili zote hapa chini nimezipitia kwa swali moja: hii ni pua, au ni mwili?

Kwanza ujue alizalishwa kwa kazi gani. Beagle ni mbwa wa Uingereza, aliyechaguliwa kizazi hadi kizazi ili afuate harufu ya sungura akiwa kundini. Wawindaji walikuja nyuma kwa miguu, tena mbali. Mbwa wa kusimama kila hatua kumi kumtazama bwana wake hakuwafaa. Aliyewafaa ni yule anayeshika harufu asiiachie, huku akipaza sauti ili walio nyuma wajue yuko wapi. Sasa pima malalamiko matatu ninayoyasikia kila mara: haitiki, anapiga kelele, anakula kila kitu. Mawili ya kwanza ndiyo sifa alizozalishiwa. La tatu ni urithi wa kula sinia moja na wenzake wengi. Anayetafuna taratibu analala njaa.

Watanzania hatuhitaji kuhadithiwa nguvu ya pua. Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa nchini na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020. Mnyama mwenye kipaji cha namna hiyo ukimweka kwenye uwanja mdogo bila shughuli, atajitafutia shughuli mwenyewe.

Namwita, hasikii

Jaribio la kwanza lifanyie ndani. Simama nyuma yake akiwa hakuoni, ufungue pakiti ya biskuti taratibu. Akigeuka, masikio ni mazima na una tatizo la pua. Asipogeuka hata kwa biskuti, ruka hadi sehemu ya masikio hapa chini, maana sikio lililoziba kwa uchafu na uvimbe hupunguza usikivu. Kama ni mzee wa miaka 11 au 12, huenda ni umri tu. Beagle wengi huishi miaka 12 hadi 15, na usikivu hutangulia kuondoka.

Nje mtazame anavyosimama. Pua chini, mkia juu, anakwenda kwa kona kona: huyo yuko kazini. Ukimwita mara kumi unamfundisha kwamba jina lake ni kelele za kawaida kama za bodaboda. Mwite mara moja, kwa filimbi au neno moja lisilobadilika, na akija apewe kitu kinachoshinda harufu aliyoiacha. Mkate mkavu haushindi. Maini yaliyochemshwa, yakakatwa vidogo na kukaushwa, yanashinda. Na usimwite kamwe ili umfungie bandani au umkaripie. Ukifanya hivyo mara tatu, ya nne haji.

Mpaka atakapozoea, na wengine hawazoei, atembee na kamba ndefu ya mita 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Usiifunge kwenye kola, kwa sababu akifyatuka mbio na kamba ikakaza ghafla, shingo ndiyo inayolipa, na shingo ya Beagle si ya kuchezea, nitaifikia. Bizari kwa ujumla huja nikimwita. Akiwa kwenye harufu ya paka wa jirani haji, na nimeacha kujidanganya kwamba siku moja atakuja.

Akipotea, usikimbilie kuzunguka mtaa mzima. Rudi mahali alipoanzia, uache fulana au kanga uliyoivaa bila kuifua, pamoja na bakuli la maji. Mbwa wa harufu mara nyingi hurudi kwa kufuata njia yake mwenyewe, naye hana sababu ya kubaki pale kama hakuna kinachonukia kwenu.

Analia usiku, majirani wanalalamika

Beagle ana sauti tatu: kubweka kwa kawaida, kulia kwa kuvuta kama mbwa mwitu, na ule mlio wa katikati, mrefu wenye kukatika, ambao ni wa kuwindia. Mlio huo wa tatu husikika mbali, na ndiyo uliokuwa shabaha ya waliomzalisha. Mzee mmoja wa jirani alinisimamisha getini. Nilipomwamkia, akaitikia marahaba kisha akaniambia, "Mwanangu, mbwa akilia usiku namna hii, kwetu tunajua kuna mtu anaondoka." Sikubishana naye. Nilimwomba anitajie saa anazosikia, na orodha yake ndiyo iliyonipa jibu.

Alilia saa kumi na moja alfajiri, adhana inapoanza, na saa sita usiku, mlinzi wa nyumba ya tatu anapopuliza filimbi. Huo ni mwitikio. Sauti ndefu ya juu inamgusa kama sauti ya mwenzake kundini. Tiba yake ni kumlaza ndani, upande wa mbali na dirisha la barabarani. Kumpiga hakusaidii, na kumfokea ni sawa na kumsaidia kuimba.

Kama analia mchana ukiwa kazini, acha simu ya zamani ikirekodi. Akianza ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya wewe kufunga mlango, tena anakwaruza mlango, anadondosha mate na kujisaidia ndani ilhali ana adabu siku zote, huyo ana hofu ya kuachwa peke yake. Mfundishe kwa vipindi: dakika moja, tatu, kumi, bila maagano marefu mlangoni. Akilala kwa muda wa saa mbili ndipo aanze, ni kukosa shughuli na upweke. Mbwa huyu alikaa kundini vizazi vingi, hakuumbiwa kukaa peke yake kwa saa tisa mfululizo.

Kazi ya kumpa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chakula chake cha asubuhi kitawanye majanini badala ya kukiweka bakulini. Kitenge cha zamani kikunje mara nyingi, uweke punje za chakula katikati ya mikunjo. Nusu saa ya kunusa humchosha kuliko nusu saa ya kukimbizana na mpira. Na mnapotembea, mruhusu anuse. Jirani zangu hunicheka nikisimama dakika tano kwenye nguzo ya umeme. Hiyo ndiyo matembezi yenyewe, mengine ni kuhama nguzo.

Mbwa mzee aliyekuwa kimya na sasa anaanza kulia usiku bila sababu ni suala jingine. Hapo tafuta maumivu, macho kufifia, au akili kuchoka, na daktari wa mifugo amwone.

Anatikisa kichwa, masikio yananuka

Hapa sina mzaha. Katika yote niliyotumia fedha kwa ajili ya Bizari, masikio yanaongoza.

Sikio lililolala linafunika tundu, hewa haipiti, joto na unyevunyevu vinabaki. Ongeza kwamba mwenye sikio hilo anatembea kichwa kikiwa nyasini. Kila Ijumaa nainua sikio, natazama, kisha nanusa. Usione haya kunusa, kwa kuwa harufu ndiyo inayosema mapema. Sikio zima linanukia ngozi tu, na nta yake ni kidogo.

Likinukia uchachu kama mbege ya jana, na nta ikawa ya kahawia yenye mafuta, fikiria fangasi. Harufu ya kuoza pamoja na usaha wa njano au kijani ni bakteria, na mara nyingi mbwa hataki uguse. Uchafu mkavu mweusi kama machicha ya kahawa, hasa kwa mtoto wa mbwa, ni utitiri wa masikioni. Tibu na wanyama wengine wa nyumbani, la sivyo anarudishiwa na paka. Maumivu ya ghafla ya sikio moja tu, anainamisha kichwa upande mmoja mara baada ya kutoka majanini: tafuta mbegu. Kishona nguo na nyasi zenye miba huingia tunduni, na zikishaingia zinasonga mbele tu. Usiingize kibano kwa kubahatisha.

Kuna na ile ya kutisha kwa macho: sikio limeumuka kama andazi. Ametikisa kichwa mno hadi mshipa mdogo ukapasuka ndani ya jani la sikio na damu ikajaa. Halimuui, lakini linahitaji daktari. Usilitoboe kwa sindano nyumbani. Na atakapotibu uvimbe, mwombe atibu kilichomfanya atikise.

Kusafisha: tumia maji maalumu ya masikio kutoka duka la dawa za mifugo. Jaza tundu, kanda chini ya sikio mpaka usikie chwaka-chwaka, mwache ajitikise, kisha futa kwa pamba unachokiona. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani. Spiriti na siki kwenye ngozi iliyochubuka ni mateso tu. Mbwa akitembea kama mlevi au kichwa kikipinda muda wote, usitie kitu chochote, maana huenda ngoma ya sikio imetoboka.

Jambo lililonichukua miaka 2 kulielewa: masikio yanayopona na kurudi, kupona na kurudi, kwa kawaida si tatizo la masikio. Ni mzio. Muulize anayetibu kuhusu ngozi nzima, hasa kama mbwa analamba nyayo na kujikuna kwapani. Mimi nilinunua chupa sita za dawa ya matone kabla ya mtu kunitajia hilo.

Amekula kitu

Kitu gani? Ndilo swali la daktari, na ndiyo maana ukikuta kifungashio kilichotafunwa ukibebe kama kilivyo.

Gunzi la mahindi naliweka juu kabisa. Msimu wa mahindi ya kuchoma barabara imejaa magunzi yenye chumvi na ndimu, na Beagle hulimeza zima. Gunzi halimeng'enywi, linasafiri mpaka linapokwama kwenye utumbo. Anatapika mara kwa mara, hata maji, hapati choo, mgongo umejikunja. Huyo ni wa kupasuliwa, na kila saa ina thamani. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali, nayo ina habari kama hiyo.

Sumu ya panya inadanganya. Zile zinazozuia damu kuganda humwacha mbwa akionekana mzima siku mbili tatu, kisha fizi zinapauka, anapumua kwa shida, anatoka damu puani au kwenye choo. Ukijua amekula, nenda siku hiyohiyo akiwa bado anarukaruka. Vitamini K1 inamwokoa ikianza mapema, na inatolewa kwa wiki kadhaa. Sumu za kupulizia nyanya na kahawa huonyesha haraka zaidi: mate mengi, kutetemeka, mboni ndogo.

Vya jikoni vinavyodhuru na watu hawavijui: zabibu kavu za kwenye pilau, chokoleti, vitunguu vingi, na bigijii zisizo na sukari zenye zailitoli, inayoshusha sukari ya damu ndani ya muda mfupi. Nyongeza ninayoisema kwa ukali: usimpe mbwa Panadol, ibuprofeni wala diklofenaki kwa sababu "anaumwa mguu". Nimeona nia njema ikiharibu ini na figo.

Maziwa hayakati sumu. Chumvi ya kumtapisha ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza.

Ananenepa na bado analia njaa

Beagle analia njaa hata akiwa ameshiba, kwa hiyo kilio chake si ushahidi. Ushahidi uko mbavuni. Kunja ngumi, upapase vifundo vyake kwa mkono wa pili: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyosha vidole, upapase mgongo wa kiganja: hivyo ndivyo zinavyotakiwa. Geuza, upapase kiganja cha ndani chini ya vidole: zikiwa hivyo, amenenepa. Beagle wa kawaida ana kilo 9 hadi 11, wakubwa wakizidi kidogo.

Kabla ya kulaumu ugonjwa wa tezi, fanya sensa ya wanaomlisha. Kwangu nilidhani ninampa mara mbili. Dada jikoni alikuwa anampa vipande vya chapati, mlinzi anamgawia ugali wa usiku, watoto wanadondosha makusudi, na mzee jirani, yuleyule wa msiba, alishakuwa rafiki yake na kumtunzia vichwa vya dagaa. Mbwa wa kilo 10 aliyehasiwa anahitaji takribani kilokalori 600 kwa siku. Gramu 100 za unga wa sembe peke yake zina kama 360. Chapati moja nene inaweza kufika 300. Hesabu inajisema.

Ukimlisha chakula cha nyumbani, unga uwe mdogo kuliko mazoea yetu, nyama au dagaa viwe vingi kuliko mazoea yetu, na dagaa wazima wana faida ya madini ya chokaa yanayokosekana kwenye nyama tupu. Pumba au unga uliopata ukungu usimpe kwa hoja kwamba "ni mbwa tu". Sumukuvu huua mbwa kupitia ini: anakataa kula, anatapika, macho na fizi zinageuka njano.

Kama sensa imekamilika, posho imepunguzwa, na bado ananenepa huku amezubaa, manyoya yanapungua ubavuni na mkiani, sasa zungumzeni kuhusu tezi ya shingo. Kuna kipimo cha damu na vidonge vya kila siku.

Anatoroka

Tazama tundu liko wapi. Likiwa chini ya uzio, ni harufu ya nje: laza waya wa kuku ardhini upande wa ndani, upana wa nusu mita, ushikanishe na uzio, ufukie kidogo na kupanga mawe. Akichimba anakutana na waya, anahama, anachimba tena, anakutana nao tena. Michongoma peke yake haimzuii. Anapita chini yake kama kuku. Likiwa getini, ni watu wenu wa nyumbani wanaoacha wazi. Dume asiyehasiwa anayetoroka kwa wiki moja kisha akatulia wiki nyingi amenusa jike kwenye joto, na huyo hata ukuta haumtoshi.

Mbwa wa kutoroka hukutana na mbwa asiowajua, hivyo chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka haina mjadala. Akirudi na jeraha la meno, mjulishe daktari wa mifugo hata kama kachanjwa. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa asiyejulikana, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Ninaulizwa pia kama Beagle anafaa kwa ulinzi. Atakujulisha kwamba mwizi amefika, kisha atamtembeza nyumba nzima.

Yanayoonekana makubwa, kumbe madogo

Anasimama ghafla, shingo imenyooka, anavuta hewa puani kwa mkoromo mfululizo kama anayekabwa. Mara nyingi ni chafya ya kinyume, kawaida sana kwa Beagle baada ya vumbi. Msugue koo taratibu, itapita ndani ya dakika. Ikija kila siku, au kwa damu, tafuta kitu kilichokwama puani.

Kipande chekundu kama nyama kimetokeza kwenye kona ya ndani ya jicho la mbwa mchanga: ni tezi ya kope la tatu imechomoka. Hahitaji kukimbizwa usiku, ila irudishwe mahali pake kwa upasuaji mdogo. Isikatwe, kwa sababu inatengeneza machozi.

Anaburura makalio sakafuni na kunuka kama samaki: tezi za mkunduni zimejaa. Minyoo pia inawezekana, kwa hiyo angalia choo.

Pua kavu peke yake haimaanishi homa. Homa inapimwa kwa kipimajoto kinachoingizwa mkunduni. Kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo usishtuke kwamba ana joto kuliko wewe.

Yanayoonekana madogo, kumbe makubwa

Hataki kuinamisha kichwa kwenye bakuli, anatembea kama aliyemeza fimbo, anapiga yowe ukimgusa shingo. Kwa Beagle mwenye miezi 6 hadi 18 akiwa na homa, kuna uvimbe wa utando wa uti wa mgongo unaofahamika sana kwa aina hii, na unatibika kwa dawa za steroidi zikisimamiwa vizuri. Kwa mkubwa, fikiria pingili za shingo, ambazo diski zake huharibika mapema. Vyote viwili havisubiri Jumatatu. Miguu ikianza kulegea, mbebe juu ya ubao.

Kifafa nacho kimo katika ukoo wa Beagle, na kwa kawaida hujitokeza kati ya miezi 6 na miaka 6. Anaanguka, anapiga miguu, anajikojolea. Usimtie kitu mdomoni, hamezi ulimi. Ondoa viti, zima taa, tazama saa. Kifafa kikizidi dakika 5, au vikija viwili ndani ya saa 24, ni dharura. Mwenye historia hiyo amwambie daktari kabla ya kununua vidonge vipya vya kupe, kwa kuwa baadhi ya dawa za kundi hilo zinaweza kuamsha degedege.

Ameacha kula

Nimeiacha mwisho kwa sababu kwa Beagle dalili hii inazidi zote. Mbwa mwingine anaweza kukosa hamu kwa joto au kwa kubadilishiwa chakula. Beagle akiacha bakuli, na pua yake haina habari na jikoni, usisubiri zaidi ya siku moja.

Chanzo cha kwanza cha kuangalia kwetu ni kupe. Yule kupe wa kahawia wa mbwa haishi nyasini pekee. Anazaliana kwenye nyufa za banda, chini ya mkeka, nyuma ya fremu ya mlango, na hapo ndipo vita inaposhindwa: watu wanamwogesha mbwa na kuliacha banda. Ziba nyufa, chemsha matandiko, pulizia kuta mbwa akiwa mbali. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho kwenye mbwa wa kilo 10, imeshaua wengi. Kupe umtoe kwa kibano, umshike karibu na ngozi, umvute moja kwa moja. Sigara na mafuta ya taa achana navyo. Usisahau ndani ya sikio na katikati ya vidole.

Homa za kupe zinazowapata mbwa ni zaidi ya moja na zinaweza kuja pamoja. Ile inayoharibu chembe nyekundu za damu hupausha fizi na kufanya mkojo uwe kama chai ya rangi. Ile nyingine, ehrlichia, hushusha chembe za kugandisha damu, ndiyo maana wengine hutokwa damu puani au huwa na madoa mekundu tumboni. Dawa zake ni tofauti, hivyo sindano ya kubahatisha bila kutazama damu kwenye darubini inaweza kutibu nusu na kuacha nusu.

Mwaka wa tatu wa Bizari nilikuwa nimebadilisha chakula chake. Akanusa, akageuka. Nikasema anasusa, nikaondoa bakuli ili ajue hapa si hotelini. Siku ya pili akasusa tena, akalala chini ya meza, nikamwita asije. Nikamkasirikia. Jioni dada ndiye aliyesema, "Kaka, leo nimekaanga samaki, hakuja hata mlangoni." Nikainua mdomo wake. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Homa ilikuwa nyuzi 40.6.

Damu ilionyesha ehrlichia. Alianza dawa ya doksisaiklini siku hiyo, kozi ya siku 28, na niliimaliza yote ingawa alionekana mzima mapema. Siku mbili za kwanza nilimnywesha supu ya mifupa isiyo na chumvi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo pembeni mwa shavu. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta pipa la taka limelala ubavu, mifupa ya samaki iko sebuleni, na Bizari amejificha nyuma ya kochi mkia ukipigapiga ukuta.